Vyuma vya Kulaza Miguu

Kaka yangu Norbert alikuwa na miguu mirefu kuliko akili yake, na nilimwambia hivyo usoni mara nyingi. Yeye anacheka tu. Mimi ni mudogo wake, tumbo moja, lakini tangu mama yetu alipokufa mimi ndiye niliyebaki na kazi ya kumpigia kelele. Alizaliwa Baraka, mji wetu kando ya ziwa, akasoma kwa Bapadri, akajifunza kusafisha vidonda na kuchoma sindano, na mwaka 1954 alikuwa munganga wa kuzunguka. Munganga mukubwa anakaa lopitali na koti jeupe. Munganga wa kuzunguka anabeba sanduku la dawa na kufuata watu mpaka mashambani kwao.

Miaka minane alizunguka kwa miguu na kwa baiskeli. Halafu dispansari ikampa pikipiki. Ilikuwa nyeusi, nzito, yenye sauti ya mutu anayekohoa ndani ya pipa. Ungemwona Norbert siku ile! Alipita Baraka yote mara tatu akisalimia hata mbuzi. Toka hapo zamu yake ikawa hii: Baraka kwenda Fizi juu mlimani, kushuka tena, kisha kando ya ziwa mpaka Mboko na Nundu, na kurudi kwetu siku ya Tano, yaani Ijumaa. Watu walimngoja barabarani na watoto mgongoni. Wanawake wa Mboko walimpikia kuku, jambo ambalo mke wake hakulipenda, lakini hiyo ni habari nyingine.

Taabu ilikuwa goti. Akiwa kijana wa miaka kumi na nne, Norbert alianguka toka juu ya mchikichi na chane la ngazi, yaani matunda yake, mikononi, hakutaka kuliachia, na goti la kulia likapokea uzito wote. Akitembea, hakuna kitu. Akikunja mguu saa nyingi, goti linafunga kama mlango. Sasa pikipiki ile ilitengenezwa kwa watu wafupi. Norbert juu yake alikaa kama panzi, magoti karibu na masikio. Akifika kwangu, hawezi kushuka. Mimi naacha sufuria motoni, nashika kisigino chake, navuta, yeye analia machozi, na goti linafunguka na sauti nisiyopenda kuikumbuka.

"Iko siku utabaki na mguu mukononi, Adolphine," anasema.

"Nitaipika."

Halafu barua ikafika. Daktari wa teritware, mkubwa wa wilaya nzima, angekuja Fizi siku ya Kwanza, yaani Jumatatu, majuma matano mbele, kutazama waganga wote wa kuzunguka. Kila mmoja afike na pikipiki yake, ashuke, abebe sanduku, atembee mbele yake. Mwenye ugonjwa atakabidhi mashini kwa mwingine.

Norbert aliisoma barua ile mara mbili, akaikunja ndogo kabisa. Hakufanya mzaha. Nikajua ameogopa. Mutu huyu hakuwa na shamba la maana wala mtumbwi, na hakutaka. Alichokuwa nacho ni barabara na watu wanaomngoja juu yake. Kumweka kitini ni kumzika na shati yake.

Siku mbili baadaye akanionyesha karatasi. Nyuma ya karatasi ya chanjo alikuwa amechora pikipiki, na mbele ya mashini, chini kidogo, vyuma viwili vimetoka huku na huku kama pembe.

"Mguu inalala hapa mbele," akasema. "Imenyooka. Kama haikunjike, haiwezi kufunga. Unaona, mudogo?"

"Na freni? Na vitesi vya kubadilisha mwendo? Utakanyaga na nini, ulimi?"

"Pahali ya kona narudisha mguu. Pahali ya kunyooka nalaza. Ni kulaza tu!"

Akapeleka karatasi kwa Placide, mfua chuma wetu. Placide akaitazama juu chini, akasema kazi ni rahisi, ila chuma hana. "Leta tiyo, bomba ya duara, nyepesi na nguvu. Mi niko na nyundo na moto. Tiyo sizai."

Hapo ndipo Norbert alifanya lile alilofanya. Mimi sikujua wakati ule. Nalieleza sasa pahali pake.

Ukitoka Baraka kwenda Fizi, pale barabara inapoanza kupanda, iko kona moja, na kando ya kona iko kaburi la Henri. Henri alikuwa mchuuzi wa samaki, anawatoa Kazimia kwa mtumbwi. Majuma mawili kabla ya kufa alileta toka Albertville kitanda cha chuma, chenye vichwa vya shaba pembe nne, vinang'aa. Alilala juu yake usiku kumi na mmoja, homa ikamchukua. Mke wake Anastasie akapeleka kitanda kaburini, kama tunavyofanya na vitu vya mfu.

Lakini kwetu kitu cha mfu kinavunjwa kwanza. Sufuria inatobolewa, sahani inapasuliwa, kiti kinakatwa mguu. Kikivunjwa ndipo kinakuwa chake, naye anaondoka nacho. Kisipovunjwa, hakijatolewa. Na kitanda kile kilikaa pale kizima. Mwaka mzima tulikipita, shaba inawaka juani, majani yanaota katikati ya chuma, na hakuna hata mlevi mmoja aliyekalia. Wengine walisema Anastasie amepagawa, wengine walisema ana choyo.

Norbert akapiga hesabu yake mwenyewe. Hakikuvunjwa, basi hakikutolewa. Hakikutolewa, basi si cha mfu. Akaenda na msumeno mchana kweupe, akakata tiyo mbili za upande wa kichwa, na vichwa vyake vya shaba juu. Ndiyo akili niliyosema ni fupi kuliko miguu.

Siku ya kufua nilipeleka bukari, ugali wetu, na samaki wa mikeke kwa Placide, kwa hiyo niliona kwa macho yangu. Placide anatia tiyo motoni, inakuwa nyekundu, anaitoa, na kabla hajainua nyundo imekuwa nyeusi tena. Mara tatu, mara nne. Na ndani ya tiyo mlikuwa mnatoka hewa, polepole, inaingia na kutoka. Hata mwenye kuvuta mivukuto aliacha mikono yake, na hewa ile ikaendelea.

"Hii tiyo umetoa wapi?" Placide akauliza.

"Kwa kitanda ya zamani."

"Ya nani?"

"Ya muntu asiye na kazi nayo."

Placide akanitazama mimi. Mimi nikadhani ni kitanda cha Bapadri, nikasema, "Piga basi, chakula inapoa." Hilo neno ni langu, silikatai.

Mara ya kwanza vyuma vilifungwa chini mno, vikakwaruza mawe. Placide akavipandisha, akavielekeza juu kidogo, akafunga kwa boloni nne, parafujo nene, akazungushia mpira wa gurudumu kuukuu ili kiatu kisiteleze. Vichwa vya shaba Norbert alikataa vitolewe. Eti urembo.

Akapanda, akanyoosha miguu, akalaza visigino. Uso wake ukalegea kama wa mtoto aliyeshiba.

"Ee, Adolphine," akasema, "niko kwetu."

Na kweli, goti likapona. Juma la kwanza aliporudi toka Nundu alishuka kwenye pikipiki kama kijana, akabeba sanduku kwa mkono mmoja. Nilimsifu Mungu kwa sauti, majirani wakasikia. Juma la pili alisema barabara imekuwa fupi. Juma la tatu nikamwuliza kama daraja la Mboko limetengenezwa. 

"Sijaliona," akasema.

"Ulipita juu yake jana."

"Nilipita."

Siku ya Tano ya juma la nne nilikuwa barabarani na muhogo wangu, jua katikati ya kichwa, hata kivuli hakuna. Ziwa lilikuwa kama bati. Nikasikia mashini inatoka upande wa Nundu. Nikasimama nimpungie mkono, maana nyumba yake ni hatua chache nyuma yangu. Norbert akapita mbele yangu, karibu kiasi cha kumgusa. Miguu imelala juu ya vyuma. Mikono iko pajani. Macho yamefungwa, mdomo umefunguka kidogo, kama mutu yuko ndani ya usingizi wa alasiri. Na pikipiki inakwenda imenyooka, inazunguka shimo, inazunguka kuku, inapita nyumba yake, inachukua njia ya Fizi.

Nilipiga kelele mpaka koo likauma. Mwanamke aliyeuza chumvi pembeni yangu akasema, "Acha, mama. Hata juzi alipita vile. Tulidhani ni yule mwingine anaendesha."

"Mwingine nani?"

Akaanza kupanga chumvi yake upya. 

Baada ya saa nzima Norbert akarudi, akisukuma pikipiki kwa mikono, uso umekuwa majivu. Akaomba maji.

"Unatoka wapi, Yaya?" Hivyo ndivyo tunavyomwita kaka mkubwa.

"Niliamka pale kwa kona," akasema. "Kila mara naamka pale kwa kona. Mashini imezimika, imesimama. Toka Nundu, toka Mboko, toka pote."

"Kona gani?"

Ndipo akaniambia. Yote, na msumeno, na hesabu yake. Nilimtukana kwa Kiswahili, nikamaliza, nikaanza kwa Kibembe.

Kumbe Anastasie alikuwa amefika kununua chumvi, amesimama nyuma yetu kimya na kitambaa chake cheusi. Alikuwa mwanamke mwembamba, wa sauti ya chini. Akainama mbele ya pikipiki, akashika kichwa cha shaba cha upande wa kulia, akatafuta kwa kidole, akapata alama ndogo.

"Hii ni panga yangu," akasema. "Siku ya kumzika niliambiwa nivunje. Nikapiga mara moja. Mukono ikakataa. Alikilalia usiku kumi na mmoja tu, bandugu. Sikuweza."

Norbert akasema, "Mama Anastasie, unisamehe. Hakikuvunjwa, nikafikiri..."

"Mi sina maneno na we. Umemaliza kazi yangu." Akatabasamu, na tabasamu lile lilinipa baridi mgongoni katika jua lile. "Mwaka muzima analala chini, karibu na kitanda yake, anangojea muntu akivunje. Sasa kimevunjika. Ni yake yote. Na ile kipande iko chini ya miguu yako, nayo ni yake." Akamtazama Norbert macho kwa macho. "Aksanti, munganga. Unalala muzuri?"

 Anastasie akanunua chumvi yake, akaenda.

Nilisema tuvirudishe sasa hivi. Norbert akakataa. Ilibaki siku tatu kufika siku ya daktari, na bila vyuma goti litafunga njiani, nao watamnyang'anya pikipiki. "Siku ya Kwanza nipite mbele ya daktari. Siku ya Pili navirudisha, naapa."

"Na kama hautaamka?"

"Utakuwa nyuma yangu. Unifinye."

Basi siku ya Kwanza asubuhi, mimi, mama wa watoto sita, nilipanda nyuma ya pikipiki na sanduku la dawa mapajani, Baraka yote inatazama. Tulipatana hivi: miguu yake ikae pahali pake pa kawaida mpaka tupite kona, halafu alaze. Alijitahidi. Nilisikia anavyopumua kwa maumivu. Kabla hatujaacha tambarare goti likaanza kukaza, akasema, "Kidogo tu, Adolphine, kidogo tu," akalaza miguu juu ya vyuma.

Nikamfinya mbavu papo hapo. Alikuwa baridi kama samaki. Nikamfinya tena, nikamwita, nikampiga kofi la sikio. Kichwa chake kikaangukia upande, na nikasikia anakoroma, kwa raha kabisa. Nikachungulia juu ya bega lake. Mikono iko pajani. Miguu yote miwili imelala mbele, visigino juu ya mpira, haitikisiki.

Barabara ikaanza kupanda. Na chini, pahali pa mguu ambapo hapakuwa na mguu, vitesi vikabadilika. Kla. Mashini ikapunguza, ikapata nguvu. Mbele kidogo, kla tena. Kila dereva anajua vitesi vile vinapigwa kwa mguu. Mimi nilitazama miguu ya kaka yangu na nilisikia vitesi, vyote kwa wakati mmoja.

Halafu ikaja harufu ya godoro jipya, pamba kavu, na shuka lililoanikwa juani. Macho yangu yakawa mazito. Nasema kweli, nilitaka kuweka shavu langu mgongoni kwa Norbert na kulala, na hakuna jambo nililolitaka hivyo tangu nizaliwe. Nikang'ata mkono wangu mpaka damu.

Kwenye kona freni ikakamata, taratibu, kama dereva mwenye adabu. Mashini ikazimika. Nikashuka, nikangoja pikipiki ianguke, maana hakuna aliyeteremsha chuma cha kusimamishia. Haikuanguka. Ilisimama wima kando ya kaburi, na kaka yangu juu yake amelala. Upande wa pili, pale ambapo mutu angesimama kuishikilia, majani yalikuwa yamelala chini.

Sikutazama zaidi. Nilishika kisigino chake cha kulia kama siku zote nikavuta kwa nguvu zangu zote. Akaamka, na pikipiki ikamwangukia nusu.

Tulikaa chini. Jua, nzi, kitanda. Upande wa kichwa ulikuwa wazi, chuma kimekatwa, kinang'aa kama kidonda kipya.

"Fizi bado mbali," nikasema. "Saa ingaliko. Mi sikusukumi. Ukitaka kwenda na vyuma, nitapanda nyuma tena. Nitakufinya tena. Chagua mwenyewe."

Norbert akatazama goti lake, akatazama barabara inayopanda. Nilijua anaona nini: daktari, na pikipiki, na wanawake wa Mboko wanaomngoja.

"Haniumizi, Adolphine," akasema. "Hiyo ndiyo inanitisha. Ananipa nafasi kitandani. Leo alinisogezea. Kesho sitataka kuamka."

Akatoa funguo za boloni ndani ya sanduku, akafungua moja moja, zote nne. Akavua mpira. Akaweka tiyo mbili pahali pake, shaba juu. Hazikusimama, bila shaka, zimekatwa. Nikavua kitambaa changu cha kichwa, nikakipasua vipande viwili, nikazifunga na fundo la kufungia kuni. Norbert akasema, "Henri, usinikasirikie." Mimi sikusema kitu. Sikutaka anijue sauti.

Fizi tulifika daktari akiwa tayari anatazama saa. Isidore, munganga kijana mwenye magoti mazuri, alikuwa ameshapita. Norbert akasimamisha mashini. Goti lilikuwa limefunga. Alijaribu kushuka mara ya kwanza, mara ya pili, na mara ya tatu akaanguka juu ya sanduku, chupa zikavunjika. Daktari hakuwa mutu mubaya. Aliinama, akalishika goti lile, akalikunja, Norbert akapiga kelele. Akaandika.

"Utakaa Nundu," akasema. "Dispansari. Utaandika karatasi na kufunga vidonda."

"Nitakaa," Norbert akasema kwa Kifaransa chake kizuri. Isidore akapewa pikipiki siku ile ile. Norbert akakaa kiti cha Nundu miaka sita, akawa mkali kwa wagonjwa, akanenepa kidogo, na hakulala kitandani tena; mke wake alitandika mkeka, akazoea.

Lakini siku ile ilitubidi turudi Baraka, na kwa miguu. Siku mbili kushuka mlima, yeye na fimbo, mimi na kichwa wazi kama mwanamke wa msiba. Siku ya pili, jua la katikati, tukafika kwenye kona.

Tiyo zilikuwa zimesimama. Si kwa kitambaa changu. Vipande vyangu viwili vilikuwa vimekunjwa vizuri, kimoja juu ya kingine, pale ambapo ungeweka mto. Nikasogea nione mkato wa msumeno. Nilipapasa chuma juu mpaka chini kwa kidole. Kilikuwa laini. Sikupata pahali palipokatwa. Na majani yaliyokuwa yameota katikati ya kitanda, mwaka mzima, yalikuwa yamelala bapa, marefu kama mutu.

Kitambaa nilikiacha.

Norbert alikuwa amekaa chini kando ya barabara, mguu mbovu amenyoosha mbele, fimbo imelala. Anatazama kitanda kama mutu anavyotazama nyumba aliyozaliwa.

"Ilikuwa raha, Adolphine."

"Najua. Nilisikia harufu."

"Goti ikinisumbua sana..."

"Utaniita mi. Nitavuta. Simama."

Hakusimama.

"Yaya. Simama, ao nakuvuta hapa hapa, na we unajua navyovuta."

Akaniwekea mkono begani, mzito kweli, akanyanyuka, tukashuka kuelekea ziwani. Mimi sikugeuka nyuma. Yeye aligeuka mara mbili.